Chupa ya Njano Dirishani kwa Koko Mariamu

Mmeniomba kipimo cha yale maji yangu ya kuzibulia vichwa vya printa. Ujumbe wenu wa kwanza nilijifanya sikuuona. Wa pili niliwajibu kwamba nimesahau. Uongo mtupu, kipimo hicho nakijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Niliogopa tu, na naogopa mpaka sasa, ninapoandika haya kwenye chumba cha kupanga huku Tanga, mji ambao sijui kama mwezi ujao nitakuwa bado ndani yake. Lakini kazi nimeiacha, na meza ya ufundi nimewaachia nyinyi pale Mombasa. Haitakuwa haki niondoke na ufunguo wa droo mfukoni.

Basi chukueni. Maji yaliyokenekwa sehemu saba, yale mnayoyaita maji ya betri. Someni kibandiko mara mbili kabla ya kununua, maana dukani huwekwa bega kwa bega na asidi ya betri, chupa za umbo lilelile, na namjua fundi aliyebeba isiyo yake. Alkoli safi ya duka la dawa sehemu mbili. Glisirini sehemu moja, ili maji yasikaukie ndani ya vitundu kabla hayajafanya kazi. Mwisho matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi. Wapo wanaoongeza amonia kidogo. Ukiamua kuitia, fungua madirisha, vaa miwani, na klorini ya kung'arishia nguo isiwemo hata ndani ya chumba hicho. Vikikutana viwili hivyo hutoa hewa inayochoma mapafu, na hewa hiyo haikupi nafasi ya kujuta.

Kabla ya kugusa mashine, weka tone la wino wake kwenye kisahani cheupe, kisha tone la maji yako juu yake. Wino ukitawanyika kama wingu, endelea. Ukiganda ukawa vipande kama maziwa yaliyochacha, huo ni wino wa chembechembe na hautaki alkoli. Punguza, au tumia maji matupu. Pasha maji yako yawe vuguvugu. Kunja tishu, iweke chini ya kichwa, tia matone, acha saa nzima. Ikibidi kusukuma, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye kipande cha mpira mwembamba mdomoni, na usukume kwa uzito wa kidole kimoja. Ukihisi kichwa kinakataa, acha. Vichwa vingi nilivyowahi kuviua niliviua kwa haraka, wala si kwa uchafu.

Hayo ndiyo mliyoyataka. Yanayofuata hamkuyaomba, lakini bila hayo nisingewapa ya kwanza.

Nilizaliwa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba ya Wakomoro waliobaki wakati majirani zao wengi walikuwa wameondoka. Kwamba waliondoka baada ya Wakomoro wenzao kuuawa mitaani, sikuelezwa nilipokuwa mdogo. Nilichokijua ni kwamba mama alifunga makomeo mawili hata mchana, na kila aliponituma dukani aliniambia, "Ukiulizwa kitu, jibu kidogo." Nikajibu kidogo dukani, nikajibu kidogo shuleni, nikamaliza sekondari walimu wakidhani mimi ni mpole. Sikuwa mpole. Nilikuwa mwoga mwenye adabu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Dezire, Mmalagasi mnene wa mtaa uleule, aliyecheka kwa tumbo kabla ya mdomo. Miaka niliyokuwa nabebwa mgongoni, yeye alikuwa anatengeneza taipureta za maofisi. Alisugua herufi kwa petroli na mswaki, na riboni zilizokauka alizifufua kwa mafuta na masizi, kiasi kwamba makarani waliondoka na barua safi na mikono myeusi. Taipureta zilipokufa zikaja printa za wino wa kurusha, alizichukia wiki moja. Wiki ya pili alikuwa ameshazifungua.

"Hii mashine," aliniambia siku ya kwanza, ameishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu, "ina pua mia mbili, na zote zina mafua."

Mambo mawili ya Dezire niliyachukua bila kuyapima. La kwanza, alibandua vibandiko kwenye chupa zake zote. Aliziona kama siri za ndoa. "Ukiandika majina," alisema, "kesho msukuma mkokoteni naye atakuwa fundi." Alizitambua kwa kunusa na kwa mahali zilipokaa. La pili, maji machafu hakuyamwaga. Yale yaliyotoka kwenye kichwa yakiwa na wino aliyaweka juani mpaka takataka zizame, kisha akayatumia tena kwa kuosha mara ya kwanza mashine nyingine. Hakuwa bahili, dukani hakukuwa na vitu, na ufundi wa nchi ile ulikuwa ni kufanya kitu kimoja kifanye kazi mara tatu.

Nilipofika miaka thelathini na kitu, Mahajanga ilinibana. Niliwahi kusikia kwamba Nosy Be, kule kaskazini, upepo wa chumvi unaziba printa za mahoteli kuliko mahali popote. Nikafunga mkoba wa chupa, nikaondoka.

Ankify, gatini, nikisubiri boti ya kuvuka, nilifungua mkoba nikakuta kifuniko cha alkoli kimelegea. Chupa ilikuwa tupu na nguo zangu zinanuka hospitali. Chupa hiyo ndiyo pekee niliyoiachia kibandiko, cha duka la dawa, kwa sababu wateja walipenda kukiona. Karibu na gati palikuwa na duka lililouza mafuta ya taa, chumvi, na spiriti ya kuwashia majiko. Duka la dawa halikuwepo. Nilinunua spiriti, nikaimimina kwenye chupa ileile, nikafunga kifuniko vizuri safari hii. Nilijiambia, alkoli ni alkoli. Kwa printa ni kweli kiasi. Lakini mnajua, na mimi nilijua, kwamba spiriti ya majiko huweza kutiwa alkoli nyingine, ya sumu, ambayo kidogo tu huzima macho ya mtu, na ikizidi humzima mwenyewe. Dezire alinionyesha mmoja Mahajanga, baharia wa zamani aliyeinywa kwa ulevi. Alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni.

Kisiwani nilianzia Ambatoloaka, kwenye mahoteli ya ufukweni. Huko nikaishiwa maji ya betri. Nosy Be wanakamua mafuta ya maua ya mlangilangi. Hutia maua kwenye pipa kubwa la shaba, wakawasha moto chini, mvuke ukapoa ukawa maji na mafuta. Nikawaza, maji haya yametoka kwenye mvuke, basi yamekenekwa, yana tofauti gani na yale ya betri? Mzee wa kiwandani alinijazia dumu zima huku akinishangaa.

Nikaoshea printa ya hoteli moja. Kesho yake mpishi akanifuata.

"Fundi, wageni wananusa menyu kabla ya kuisoma. Mmoja ameniuliza kama samaki naye anapakwa manukato."

Tulicheka sana. Sikujua bado kwamba ndani ya maji yale kuna mafuta ya maua, na mafuta yale hulainisha mipira ya kichwa mpaka inavimba kama vidole vya mfuaji. Printa ya menyu ilikufa wiki iliyofuata, lakini wakati huo mimi nilikuwa na hofu kubwa kuliko hiyo.

Kutoka Ambatoloaka nikaitwa mjini Hell-Ville na Dada Moinaesha, Mkomoro kama mimi, mwenye studio ya picha na fotokopi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Katika chumba cha nyuma, kinachotazama ua, alilala bibi yake, Koko Mariamu. Koko ni bibi kwa Kikomoro. Nyumbani mle tuliongea Kikomoro, na hospitalini Kimalagasi. Hapa nayaandika kwa Kiswahili nilichokuja kukisomea kwenu.

"Rangi ya njano imekufa kabisa," Moinaesha aliniambia. "Maharusi wanatoka buluu. Mama mmoja kanirudishia picha, anasema bwana harusi anafanana na maiti aliyeolewa... aliyeoa, samahani. Nimechanganyikiwa."

"Mwambie amtazame bwana mwenyewe kwanza," Koko alisema kutoka nyuma ya pazia. "Huenda mashine haina kosa."

Koko alikuwa na miaka inayokaribia themanini, mwembamba, na macho makali. Alikuwa akisoma msahafu bila miwani, jambo ambalo mtaa mzima ulilisimulia. Ugonjwa wake ulikuwa moyo kwenda mbio, na kwa hilo alikunywa vidonge vya hospitali asubuhi na kombe kila Alhamisi. Nyinyi wa pwani nanyi mnalijua kombe: mwalimu wa madrasa huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi, na yale maji mgonjwa akayanywa. Nyumbani kwa Koko lilikuja ndani ya chupa ya marashi, likawekwa dirishani, naye akalinywa baada ya sala ya adhuhuri.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mimi sikujua habari ya dirisha.

Nilichanganya maji yangu: ya mlangilangi, glisirini, sabuni, na alkoli kutoka chupa yenye kibandiko. Moinaesha alikisoma kibandiko akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Amonia ilikuwa imekwisha. Nikaloweka kichwa, nikasukuma polepole kwa bomba, na ile njano iliyoganda ikaanza kutoka, kwanza kama asali, halafu kama chai nyepesi. Ilikuwa njano nzuri. Nikatafuta chupa ya kuikingia. Kwenye kikapu karibu na mlango wa ua palikuwa na chupa tupu za marashi. Nikachukua moja, nikaijaza, nikaiweka kwenye dirisha la chumba cha nyuma, penye jua, ili takataka zizame, kama Dezire alivyonifundisha. Sikuandika kitu juu yake. Kisha adhana ikaadhiniwa, nikaenda kusali, na kutoka msikitini nikapita mahali nikala wali kwa mchuzi wa kaa. Nakumbuka ulikuwa mtamu. Sijala kaa tena.

Niliporudi, chupa ilikuwa nusu.

Niliitazama kwanza nikidhani imevuja. Chini ya dirisha palikuwa pakavu. Koko alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, midomo imekuwa njano pembeni.

"Leo kombe lina ukali," alisema. "Linawasha kooni. Mwalimu ameongeza zafarani. Na marashi haya mapya mazuri, yananukia mlangilangi."

Nilishika fremu ya dirisha. Moinaesha aliingia na karatasi mkononi, akanitazama, akaitazama chupa, akamtazama bibi yake, na karatasi zikamwanguka.

"Fundi Hamidu. Hiyo si ya kwako?"

"Ni yangu."

"Ndani mna nini?"

Nikajibu kidogo. "Maji. Glisirini. Alkoli ya duka la dawa."

Tulimpandisha Koko kwenye bajaji, yeye akiwa ndiye mtulivu kuliko sisi sote, akilalamika tu kwamba hajajitanda shiromani, nguo yake ya kutokea. Hospitalini alitupokea daktari kijana wa kike, Mmalagasi, mwenye kalamu mbili kifuani. Akauliza swali lilelile. Nikajibu jibu lilelile, na nikamwonyesha kibandiko. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi hii inayonitisha zaidi, kwamba haukutetemeka.

"Alkoli ya vidonda, tena imechanganywa na maji," daktari alisema. "Si nzuri, lakini kwa kiasi hiki tutamwangalia saa moja, mbili, kisha aende nyumbani akapumzike."

Moinaesha alilia kwa nafuu. Mimi nikatoka nje.

Niwaeleze nilichokiogopa, msije mkadhani niliogopa kitu cha maana. Niliogopa Moinaesha kujua kwamba kibandiko kilikuwa cha uongo. Niliogopa jina. Niliogopa mtaa: mgeni kutoka Mahajanga kaja na mkoba wa chupa zisizo na majina, kamlisha bibi yetu sumu. Masikio yangu yalishaanza kusikia watu wakikusanyika, na hapakuwa na mtu yeyote barabarani isipokuwa mama mmoja anauza maembe ya achari. Bandarini boti za Ankify zilikuwa zinaondoka mchana ule. Nilifika mpaka lango la hospitali. Nilishahesabu hatua.

Huku nyuma akili ilinifanyia hesabu nyingine. Huenda spiriti ile haikuwa na sumu nyingi. Huenda nusu chupa iliyochanganywa na maji ni kidogo. Sumu ile, nilikwishaambiwa, haionekani mara moja. Mtu hulala mzima, akaamka na ukungu. Kwa hiyo Koko angerudi nyumbani, angekula, angesali isha, na asubuhi angefungua msahafu aone weupe mtupu. Na mimi ningekuwa bara, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Nikasikia nikiitwa. Koko alikuwa amekaa kwenye benchi la kibarazani, sindano ya dripu imebandikwa mkononi.

"Mjukuu wangu, mbona umesimama juani? Njoo ukae." Akanigonga goti. "Usiogope. Mimi nimekunywa kwa bismillahi. Na huyo Moinaesha akikufokea, niambie mimi. Namjua tangu anakojoa kitandani."

Alikuwa ananibembeleza. Mimi. Akatoa leso akanifuta jasho, na leso ile ilikuwa na doa la njano alilojifutia mdomo. Nikainuka, nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

"Si alkoli ya duka la dawa," nilisema. "Ni spiriti ya majiko. Niliimimina mwenyewe kwenye ile chupa, Ankify."

Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliweka kalamu moja chini, akachukua nyingine.

"Kiasi gani?"

"Sehemu mbili katika kumi."

"Una uhakika?"

"Kipimo nina uhakika nacho."

"Sasa hivi unao," alisema, "na tangu mchana ulikuwa nao." Akaandika. "Amekunywa saa ngapi? Chupa ya ukubwa gani? Imepungua mpaka wapi? Onyesha kwa kidole. Nini kingine? Sabuni ya nini? Wino gani?" Nikamwambia yote, moja moja, mpaka maji ya mlangilangi. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mwenye cheo. Alipomaliza alikwenda kwenye kabati, akarudi na mikono mitupu.

"Dawa ninayoitaka haipo kisiwani. Ipo njia ya zamani. Alkoli ya kawaida, ya kunywa, huizuia ile ya sumu isigeuke mwilini. Tutampa kwa kipimo, chini ya uangalizi, mpaka kesho." Akasita. "Kilichopo karibu ni ramu."

Msije mkalijaribu hilo nyumbani kwenu kwa kusoma hapa. Kipimo chake ni cha daktari, na yeye mwenyewe alikuwa na hofu usoni kwa sababu ya moyo wa Koko.

Kumwambia Koko ilikuwa kazi yangu. Daktari alisema hivyo, na Moinaesha, ambaye sasa alishajua yote na hakunitazama tena, alisema hivyo pia.

"Ramu?" Koko alisema. "Mimi?"

"Koko, ni ya kuyalinda macho."

"Nimefika umri huu sijawahi hata kunusa kizibo, leo wewe, na mashine yako ya kuchora maharusi, unaniambia ninywe ramu?" Akageuka kwa daktari. "Na nikikataa?"

"Huenda usipate kitu," daktari alisema. "Huenda ukapofuka. Huenda zaidi. Siwezi kukuapia, na siwezi kungoja kuona."

Wakati huohuo Mwalimu wa madrasa akaingia mbio, kanzu ameikusanya mkononi, na mkono wa pili ameshika chupa ya marashi. Lilikuwa kombe lenyewe. Lilichelewa kwa sababu alikuwa na mazishi.

"Mwalimu," Koko alisema, "kombe umeniletea alasiri, na hawa wanataka kunipa ramu. Leo ni siku gani hii?"

Mwalimu alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamuuliza mara mbili kama hakuna kitu kingine, akajifuta uso. "Bibi, hii ni dharura. Uhai wako na macho yako ni amana. Kunywa."

"Haya. Lakini kwanza huyu aseme." Alinielekezea tasbihi. "Hamidu, sema mbele ya watu wote hawa, ulitia nini. Kwa sauti. Kama bado kuna kitu umekificha, kitoe sasa, maana baada ya hapa mimi nitakuwa mlevi na sitaweza kukuuliza."

Kibaraza kilikuwa na watu. Wagonjwa, wauguzi, mama wa maembe alikuwa ameingia. Nilisema. Spiriti, Ankify, kibandiko, dirisha. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Hakuna aliyenigusa. Mama wa maembe alisonya, basi.

Ramu ilikuja kwenye kikombe cha plastiki, imechanganywa na maji ya sukari. Koko alinipa nimshikie kikombe, akafumba macho, akanywa kwa kukunja uso wote. "Na watu hulipia kitu hiki," alisema.

Alipewa tena, na tena, kwa saa za daktari. Jioni ilipoingia alikuwa na mashavu mekundu na maneno mengi. Alimsimulia Moinaesha habari za mwanamume wa Moroni ambaye yeye Koko alimkataa ujanani kwa sababu ya meno yake, na kwamba sasa alikuwa akiyafikiria upya yale meno. Moinaesha alicheka huku analia. Mimi nilikaa kwenye sakafu ya korido, nikiusikia moyo wake kwenye mashine, ukienda mbio, ukitulia, ukienda mbio. Kila muuguzi aliyepita na tochi ya kumulikia macho, nilisimama.

Asubuhi nilisogea mpaka mlangoni, nikashindwa kuingia. Daktari alikuwa amemwinamia. Koko alikuwa ametazama upande wangu, macho yametulia, hayapepesi.

"Nani huyo mlangoni?"

"Ni mimi, Koko."

"Najua ni wewe. Nauliza nani kakuvisha hivyo. Shati limechanika kwapani, na hilo baka la njano kwenye kola halitatoka kwa sabuni ya kawaida."

Daktari alikaa chini kwenye kitanda cha jirani, akaweka uso mikononi.

Walimbakiza siku mbili zaidi, wakamruhusu. Printa ya Moinaesha haikupona. Mipira ilivimba kama ile ya printa ya menyu, na nilimtumia nyingine kutoka Mahajanga, akaipokea bila kunishukuru, kwa haki yake. Tangu siku ile kila chupa yangu imekuwa na jina, na tarehe, na neno SUMU kwa lugha tatu, na maji machafu nimeyamwaga siku hiyohiyo. Mlinicheka sana kwa hilo pale mezani. Endeleeni kucheka, lakini andikeni.

Siku ya kuaga Nosy Be nilikwenda kumwomba Koko msamaha. Alikuwa kitandani, msahafu mapajani, bila miwani.

"Ya chupa nimekusamehe," alisema. "Kila mtu anakosea dirisha. Ya kibandiko pia nimekusamehe, maana ulirudi kutoka langoni, nilikuona. Lakini ya ramu si yangu mimi, ni ya Mungu, siwezi kukusamehe." Akafungua ukurasa. "Mwalimu kasema dharura, sawa. Lakini nikiulizwa Siku ya Kiyama, mimi nitasema: mwiteni Hamidu, yeye ndiye anayejua."

Alitabasamu aliposema. Nami nilitabasamu.

Mwaka jana Moinaesha alinipigia simu. Koko alikuwa amelala baada ya alfajiri na hakuamka, na usiku ule alikuwa amesoma juzuu nzima. Nilikuwa mezani kwenu, bomba la sindano mkononi, kichwa cha printa mbele yangu. Mnakumbuka niliinuka nikasema naenda dukani. Wiki ileile niliwakabidhi meza, nikawaambia ni mgongo.

Haikuwa mgongo. Koko amekwishafika huko, na swali la ramu huenda limekwishaulizwa. Mimi nahama miji, na mtu akiniita ghafla barabarani, "Hamidu!", sigeuki mara moja.